Barua ya Wazi: Kituo Kina Jina la Remmy, Remmy Mwenyewe Hayupo

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni, barabara na maeneo ya wazi,
Dar es Salaam.

YAH: KUMBUKUMBU YA SANAA YA MAREHEMU DK. REMMY ONGALA NA AMANI, SINZA KWA REMMY

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mnakijua, si mara ya kwanza kukisoma. Barua zetu za awali zilipita masijala, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, zikapewa kumbukumbu namba, basi. Tulipofuatilia tukaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, mkubwa yuko kikaoni, na kikao kiko Dodoma. Ofisi sitaitaja, wala afisa sitamtaja, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Nakala zenye mihuri tunazo, na anayehusika akisoma hapa atajijua. Tumenyamaza kwa heshima hadi heshima yenyewe ikaanza kuonekana kama kukubali. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kwa msomaji asiyelijua jambo hili, nianze na mtu mwenyewe. Ramadhani Mtoro Ongala, mwanamuziki tuliyemwita Remmy, alizaliwa mwaka 1947 Kindu, Maniema, mashariki ya Congo, upande ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Mwaka 1964 mji huo ulitekwa na waasi wa Simba, ukakombolewa mwaka huohuo, na tangu hapo mashariki ya Congo haijawahi kulala usingizi wa kushiba. Mwaka 1978 Remmy aliitwa Dar es Salaam na Mzee Makassy, mtu wa ukoo wake, aje kupiga katika Orchestra Makassy. Baadaye akawa sura na sauti ya bendi ya Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tamasha la WOMAD lilimpeleka Ulaya, na mwaka 1989 albamu yake ikatoka chini ya lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Wapo waliofika huko wakabaki hukohuko. Yeye alirudi Sinza, akaishi Sinza, na Sinza ndipo alipofariki tarehe 13 Desemba 2010.

Kituo cha daladala kilichokuwa karibu na kwake kikaitwa Kwa Remmy. Jina hilo halikutoka ofisini. Dar es Salaam ina tabia yake ya kuvibatiza vituo: Kwa Mtogole, Kwa Aziz Ally, Kwa Manyanya. Konda anaita, abiria anajibu "shusha", na jina limeshasajiliwa pasipo gazeti la serikali. Kwa hiyo hatuji kwenu kuomba Remmy aenziwe. Wananchi walishamuenzi zamani. Tunachoomba ni kwamba pale panapotamkwa jina lake pawe na kazi ya sanaa inayomweleza yeye na amani aliyoiimba, nanyi mwache kuizuia kwa ukimya.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Katikati ya jiji letu tumeweka vita, amani tumeiachia maneno.

Sanamu ijulikanayo kuliko zote Dar es Salaam ni ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Imesimama tangu 1927. Waingereza waliiweka kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo havikuwa vyao. Kabla yake, mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Yaani kwa zaidi ya karne moja kitovu cha jiji kimekuwa na mtu wa vita, kwanza bwana mkubwa, halafu mtumishi wake. Askari yule ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini.

Sisemi aondolewe. Waliokufa wakibeba mizigo ya wakoloni wanastahili kukumbukwa, na kazi yenyewe ni nzuri, ningesikitika kuikosa. Lakini mtoto akiniuliza "mzee, ya amani iko wapi?", nimpeleke wapi? Nchi hii hujiita kisiwa cha amani kwenye kila hotuba, kisha ukitafuta kitu cha kuonyesha kwa kidole, unakuta bango la wiki ya kitu fulani lililofifia kwa jua.

Remmy anafaa kuliko wengi kwa sababu maisha yake yenyewe yanaeleza. Alitoka nchi yenye misukosuko, akapokelewa, akaimba kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, na hakuna aliyemtaka aisafishe lafudhi hiyo ndipo apendwe. Alizaliwa akaitwa Ramadhani. Miaka ya mwisho aliokoka, akakata zile rasta zilizomtambulisha, akaimba injili. Waislamu na Wakristo wa Sinza waliendelea kumwita Dokta bila kugombania ni wa nani. Hiyo ndiyo amani ninayoijua mimi, ya watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, na ndiyo inayopaswa kuchorwa.

Na jambo lenyewe si la zamani. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana hapahapa Dar es Salaam kujadili vita ya mashariki ya Congo, siku chache baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kule Kasulu, kambi ya Nyarugusu imekuwa na wakimbizi wa Kikongo tangu 1996. Wageni wale wa heshima wangeweza kuonyeshwa, kilomita chache tu kutoka ukumbini, mahali ambapo jiji la Kiswahili linamkumbuka mwana wa Kindu. Hapakuwa na cha kuonyesha.

2. Jina linaloishi midomoni tu linaweza kufa kwa siku moja.

Barabara za jiji zinapanuliwa, vituo vinasogezwa, alama ya X nyekundu inapita ukutani, kesho yake hujui ulikuwa umesimama wapi. Hatupingi maendeleo. Lakini kituo kikihamishwa mita mia mbili na kupewa jina la duka kubwa la jirani, Remmy atakuwa ametoka mjini bila mtu kuamua atoke. Tayari wako vijana wanaoshuka pale kila siku wakidhani Remmy ni mwenye baa. Siwalaumu, nani kawaambia?

3. Mlimtaka Remmy aliyefuliwa na kupigwa pasi.

Hili ndilo lililotuuma kuliko ukimya wenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikae nalo kidogo.

Katika kikao kimoja tulichopata, tulipeleka mchoro. Ulikuwa mchoro wa awali wa msanii kijana wa hapahapa mtaani: ukuta mfupi wa kujipinda wenye benchi kwa ndani, uso wa ukuta ukiwa na picha za vigae vilivyovunjwa, Remmy na gitaa lake na rasta zake, mama lishe, mpiga debe, watoto wa shule, na mto mkubwa unaotoka Congo ukipita katikati yao hadi baharini. (Najua Mto Congo hauelekei Bahari ya Hindi. Msanii naye anajua.) Tulirudishiwa maoni kwa mdomo. Rasta zinatoa picha mbaya kwa vijana, ziondolewe. Neno "mnyonge" linaleta hisia za malalamiko, liondolewe. Na kusiwe na dalili yoyote ya ule wimbo wa soksi. Badala yake paandikwe maneno mawili makubwa, "Amani na Utulivu", na Remmy avalishwe suti.

Waheshimiwa, mkimtoa mnyonge kwa Remmy mnabaki na nini? Sauti ya mnyonge ndilo jina alilopewa na wasikilizaji wake, na alilitafuta kwa jasho. Aliimba kuhusu kifo kisichochagua tajiri na maskini, kuhusu yatima, kuhusu asiye na kitu anavyodharauliwa. Hakumwambia mtu ashike panga. Alimwambia aliyeshiba amtazame jirani yake. Ukiwa na wimbo wa namna hiyo unaoimbwa baani Jumamosi na kurudiwa jikoni Jumatatu, umefanya kazi ya amani ambayo semina za hotelini haziifanyi.

Na huo wimbo wa soksi, Mambo kwa Soksi, ulihimiza matumizi ya kondomu wakati ambapo UKIMWI ulikuwa unazifagia familia na watu wazima wakiutaja kwa mafumbo. Redio ya taifa haikuupiga. Watu waliusikia kwenye kaseti na kwenye madansi, wakaelewa, wakacheka, na wengine nina hakika wakapona. Baada ya miaka michache kondomu zikawa zinatangazwa na serikali yenyewe. Leo kuuficha wimbo huo kwenye kumbukumbu yake ni kumfungia mtu mara ya pili, tena akiwa kaburini.

Utulivu ni neno zuri. Lakini utulivu unaopatikana kwa kumnyamazisha mwenye shida hauna haja ya mwanamuziki, na Remmy hakuuimba. Kama kazi hii ni ya amani, basi iwe na amani iliyo na mnyonge ndani yake. Vinginevyo chukueni picha ya njiwa, wekeni mahali pengine, jina la Remmy mliache.

4. Kumbukumbu si ubao wa tangazo.

Tulidokezewa pia kwamba mfadhili anaweza kupatikana kwa haraka iwapo rangi na nembo ya kampuni vitatawala ukuta. Jibu letu ni hapana. Anayetaka kuchangia achangie, jina lake likae chini pembeni kwa herufi ndogo.

Sasa najua mtakayosema, maana mengine tumeshayasikia.

Mtasema hakuna fedha. Hatujaomba shaba. Tena shaba hatuitaki: ikiwekwa kituoni leo, wiki ijayo itapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Tunaomba zege, nondo na vigae, vitu ambavyo kila fundi wa Sinza anavijua. Vigae vilivyovunjika tutakusanya wenyewe kwenye majengo yanayopanda kila kona. Mafundi wapo, kijiji cha vinyago cha Mwenge kiko jirani kabisa, na jiji hili ndilo lililozaa uchoraji wa Tingatinga. Kinachotoka kwenu ni kibali, mhandisi wa kukagua, na taa.

Mtasema pale ni hifadhi ya barabara. Sawa. Basi tuonyesheni kipande kisicho hifadhi. Vibanda vya kudumu na mabango ya matangazo makubwa kuliko nyumba yanapata nafasi kwenye hifadhi hizohizo kwa vibali vyenye saini, kwa hiyo tunajua penye nia sheria ina milango yake.

Mtasema sanamu zinagusa imani za watu. Hoja hii naiheshimu, mtaa wetu una misikiti na makanisa, na wako wazee wasiopenda mfano wa mtu kusimamishwa barabarani. Hakuna anayelazimika kujenga sanamu. Kumbukumbu ya mwanamuziki John Lennon kule New York, ndani ya Central Park, ilifunguliwa tarehe 9 Oktoba 1985, karibu na nyumba alipopigwa risasi mwaka 1980. Haina sura yake hata moja. Ni bustani, na chini sakafuni kuna duara la vijiwe vya rangi nyeusi na nyeupe lenye neno moja la wimbo wake katikati. Watu hukaa pale wakaimba. Pametengwa kuwa mahali pa utulivu, na bamba lake limeorodhesha nchi zaidi ya 100 zilizoiunga mkono kama bustani ya amani. Kama wazee wetu watataka gitaa tupu lisilo na mtu, au mto na maneno peke yake, tutakaa nao tukubaliane. Mazungumzo hayo ni ya mtaa. Hayastahili kuwa kisingizio cha ofisi.

Mtasema wapo wakubwa zaidi: Siti binti Saad, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Bi Kidude. Ni kweli, na kila mmoja anastahili chake, kwao au alipokulia. Tangu lini msafara ukakataa kuanza kwa sababu wasafiri ni wengi?

Na kuna lile linalosemwa kwa sauti ya chini, korido, baada ya kikao kufungwa: "Lakini yule si Mkongo?" Tulisikia. Muziki wa dansi mnaouita wetu, mnaoupigia kwenye sherehe za kitaifa, umepikwa na watu waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Mzee Makassy, wana bendi ya Maquis, Ndala Kasheba, King Kiki. Remmy aliishi hapa miaka 32, akaitaabikia nchi hii kwa sauti yake hadi mauti. Congo sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kama kumbukumbu ya amani itakataliwa kwa sababu mtu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, basi hiyo amani iliyoandikwa kwenye mabango ni ya nani?

Tahadhari moja kutoka kwetu, maana sisi nasi tuna hofu zetu. Hatutaki kuamka asubuhi tukute kitu kimesimikwa usiku ambacho hakuna aliyekiona kabla. Jamaika waliyaona hayo: mwaka 1983 sanamu ya kwanza ya Bob Marley, kazi ya Christopher Gonzalez, ilizinduliwa Kingston na umati ukairushia vitu kwa hasira kwa sababu haikufanana na yule waliyemjua. Ikaondolewa, wakatengenezewa nyingine na Alvin Marriott. Nasi tuna yetu ya karibu. Sanamu ya Mwalimu ilipozinduliwa Addis Ababa mwaka 2024, mjadala wa kama ni yeye au si yeye ulitawala simu zetu kwa siku kadhaa. Binafsi naona kazi ya Gonzalez ilionewa, ni sanaa nzito ile, ila hoja yangu ni nyingine. Watu wakishirikishwa mapema, hata wakikosoa, wanakosoa chao.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, mtupe eneo kwa maandishi, lenye ramani, pale kituoni au hatua chache kutoka hapo, na jina Kwa Remmy liandikwe kwenye kibao cha kituo hata kabla ya ujenzi; hilo halihitaji hata bajeti. Pili, mtangaze shindano la wazi la michoro, wasanii wachanga waruhusiwe, michoro ibandikwe mtaani wananchi waione, na familia ya marehemu iwe na kauli ya mwisho kuhusu sura na jina lake. Maneno yatakayochukuliwa kwenye nyimbo zake yaombewe ruhusa na yalipiwe kwa wenye haki. Itakuwa aibu kumtukuza mtetezi wa wanyonge kwa kuwadhulumu warithi wake. Tatu, msiguse rasta, mnyonge wala soksi.

La nne ni dogo ila ndilo litakaloamua kama kazi itadumu: kuwe na fungu la matunzo. Vigae hubanduka, taa huungua, machinga hutundika mashati. Kikundi chetu kiko tayari kufagia na kulinda, na tumeshazungumza na wafanyabiashara wa pale wakakubali kuacha nafasi mbele ya ukuta endapo benchi litakuwa na kivuli ambacho nao watakifaidi. Hatutaki spika. Kituo kina kelele za kutosha, na anayetaka kumsikiliza Remmy anaye kwenye simu yake.

Hatuombi jengo, hatuombi siku ya mapumziko, hatuombi posho ya kikao. Tunaomba majibu kwa maandishi, yenye jina na saini ya anayejibu, kabla ya tarehe 13 Desemba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Kama jibu ni ndiyo, mtutajie siku ya kuja kupima eneo, tutakuja na kamba na fundi. Kama jibu ni hapana, liandikwe hapana, na sababu yake, ili tujue ni ngazi gani ya kukata rufaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Sinza,
kwa niaba ya wapenzi wa muziki wa dansi wa mtaa.

Nakala: Familia ya marehemu, Serikali ya Mtaa, makonda na abiria wote wa Kwa Remmy.